Mteja Akiridhika, Muuzaji Amesalimika?

Usiku wa Juni 16, 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizima simu bandia nchi nzima. Hadi siku hiyo wenye simu zile walikuwa wameridhika nazo: zinapiga, zinapokea, na bei yake nafuu.

Miaka kadhaa baadaye, kijana aliyekuwa akiuza simu hizo Kariakoo alinifuata baada ya darsa. "Ustadhi, hakuna mteja aliyewahi kunilalamikia. Nina dhambi gani?"

Ndugu msomaji, swali hili si dogo. Biashara ya leo imeifanya ridhaa ya mteja kuwa ndiyo kadhi. Na kweli Qur'an (4:29) imeweka kuridhiana kuwa sharti la biashara. Lakini asiyejua ameridhia nini? Katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim, Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono katika lundo la chakula sokoni, akakuta umajimaji ndani. Muuzaji akajitetea kuwa kilinyeshewa mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka juu watu wakakiona. Zingatia: katika kisa hiki hatusikii mnunuzi yeyote aliyelalamika.

Wapo watakaosema mnunuzi wa simu ya bei chee alijua anachokinunua. Baadhi yao, sawa. Je, yule mama aliyeliamini jina lililoandikwa kwenye boksi?

Siku hizi wafanyabiashara wananung'unika kuwa wateja wamebadilika. Wanataka risiti, wanataka waranti, wanataka kujaribu kabla ya kulipa, wala hawatishiki na kibao cha "mali ikishauzwa hairudishwi". Mimi sioni jipya hapo. Mafaqihi waliliita jambo hili khiyari ya aibu: ukikuta kasoro iliyokuwamo kabla hujanunua nawe hukuijua, una haki ya kurudisha. (Anayerudisha gauni baada ya kulivaa harusini, huyo ana kesi yake.) Mteja wa leo anadai haki ambayo baba yake aliona haya kuidai.

Nilimuuliza kijana yule kama alijua kuwa simu zile ni bandia. Alijua. Nikamwambia awatafute wateja wake awarudishie haki yao, na asiowapata awatolee sadaka kwa niaba yao.

Alikaa kimya kitambo. Kisha akaniambia hakuwahi kumwandikia mtu risiti.