Mlango wa Hewa

Injini ya petroli hula hewa nyingi kuliko inavyokunywa petroli. Ili kilo moja ya petroli iungue ikaisha, zinahitajika takriban kilo 14.7 za hewa. Hata hivyo petroli ndiyo tunayoipangia foleni, tunayoilipia, na kuinung'unikia bei inapopanda. Hewa hatuilipii, na kitu kisicholipiwa ni rahisi kukidhania hakina masharti. Nadhani ndiyo sababu mwenye gari la turbo, akitaka nguvu zaidi na mfuko wake ukiwa mwepesi, huanza na njia ya hewa. Huko bisibisi, kisu na jioni moja vinatosha kubadilisha kitu. Ninachojiuliza ni kitu gani hasa kimebadilika, na ni nani wa kuthibitisha.

Nchini Kenya gari la namna hiyo mara nyingi huwa Subaru. Ni Impreza au Forester iliyotumika Japani, ikashushwa Mombasa kabla ya kuvuka umri wa miaka minane unaoruhusiwa kuingia nchini, kisha ikauzwa kwa mtu aliyeitamani tangu utotoni. Tamaa hiyo ina historia. Patrick Njiru aliendesha Subaru katika Safari Rally akapendwa nchi nzima, na mwaka 1997 Colin McRae alishinda mbio hizo kwa Impreza ya buluu. Mtoto aliyesimama kando ya barabara akila vumbi la magari yale, leo ana ufunguo mkononi. Hamu yake ya kulisikia gari lake likivuma ninaielewa, na sina nia ya kuicheka.

Njia yenyewe ya hewa si ndefu. Hewa huingia mbele, huongozwa na plastiki hadi kwenye boksi la filta, hupita mbele ya sensa inayoipima, kisha hunyonywa na turbo kupitia mpira mpana. Turbo huigandamiza, na hewa ikigandamizwa hupata joto. Kwa hiyo hupitishwa kwanza kwenye intakula, kile kipozeo kilicholala juu ya injini chini ya tundu la boneti, ndipo iingie kwenye silinda. Wazo la kutumia moshi unaotupwa kuzungusha feni ya kusukuma hewa ndani ni la zamani: Mswisi Alfred Büchi aliliwekea hataza mwaka 1905. Faida yake huonekana wazi katika nyanda za juu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa huko ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano ukilinganishwa na Mombasa. Gari la kawaida huusikia upungufu huo kila linapopanda kilima. Turbo huufidia, ila kwa kuzunguka kasi zaidi, na kasi hiyo inaweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika.

Marekebisho ya bei nafuu yanajulikana katika kila gereji. La kwanza ni kung'oa kisanduku cha plastiki kilichofichwa nyuma ya madigadi, ambacho kazi yake ni kutuliza mvumo wa hewa. La pili ni kuondoa boksi zima la filta na kufunga filta ya koni iliyo wazi chini ya boneti. La tatu ni kuifanya valvu ya kuachia presha itupe hewa nje badala ya kuirudisha kwenye mpira wa turbo, ili kila dereva anapoinua mguu gari lipige ule mluzi wake. Yote matatu yana tunda moja la hakika, nalo ni sauti. Matunda mengine yanahitaji kuchunguzwa.

Chukua filta ya koni. Kweli haiizuii hewa sana kama boksi la kiwandani. Lakini boksi lilikuwa limekingwa, likivuta hewa kutoka mbele ya gari, na koni huvuta iliyo chini ya boneti. Ikiwa nje ni nyuzi 25 za Selsiasi na chini ya boneti ni nyuzi 60, jambo la kawaida kwenye foleni, hewa inayoingia imepungua uzito kwa takriban asilimia 10. Turbo italazimika kufanya kazi zaidi ili kufikia palepale. Dereva hajui, kwa kuwa gari linanguruma kuliko jana, na sikio ni shahidi anayempenda mwenye gari. Kinachosikika huchukua nafasi ya kinachofanyika, na mtu hutetea alichokifanya kwa sababu amekifanya kwa mikono yake.

Dawa ya hilo ni kupima, na kupima kuna uadilifu wake. Kwenye gari linalokubali kuchomekwa kifaa cha uchunguzi, joto la hewa inayoingia linaweza kusomwa kabla ya kazi na baada yake, barabara ileile, saa ileile, mzigo uleule. Anayepima baada tu, bila kujua gari lilikuwaje mwanzo, anatafuta sifa. Anayepima kabla amekubali tangu mwanzo kwamba huenda akakosea. Ubunifu wowote unaostahili jina hilo, wa kwenye gereji au wa kwenye maabara, unahitaji kukubali huko.

Kuna jambo zito zaidi ya kujidanganya kwa sikio, nalo ni kuidanganya injini. Sensa ya hewa ni karani wa ghala anayehesabu magunia mlangoni. Kompyuta ya injini haiioni hewa. Husoma daftari la karani, na kwa hesabu hiyo huamua petroli ya kumwaga. Mpira ukipasuka baada ya turbo, magunia yaliyokwisha kuhesabiwa hutokea mlango wa nyuma: petroli inakuwa nyingi kuliko hewa, moshi mweusi unatoka, na pesa inateketea. Valvu inayotupa nje hewa iliyohesabiwa hufanya kosa lilelile, kwa fahari. Mpira ukivuja kati ya sensa na turbo, magunia huingia bila kuandikwa: hewa inazidi, petroli inapungua. Na filta mpya ikifungwa na bomba la sensa lenye kipenyo tofauti, karani anaendelea kuhesabu kwa kipimo cha zamani. Petroli inapopungua chini ya presha kubwa, injini huanza kugonga, na pistoni za injini za Subaru za turbo zinajulikana kwa kuvunjika sehemu zinazoshika ringi. Ripoti ya uongo hutolewa mlangoni, adhabu inatekelezwa ndani, na siku nyingi zinaweza kupita katikati.

Wakubwa nao wamewahi kushindwa mtihani huu. Katikati ya miaka ya 1990, magari ya ubingwa wa dunia wa rali yalitakiwa kuvuta hewa kupitia kibano chenye kipenyo cha milimita 34. Sheria ile ilikuwa na hekima: huna haja ya kukagua kila kitu ndani ya injini, ukidhibiti hewa umedhibiti nguvu. Mwaka 1995, katika rali ya Catalunya nchini Hispania, wakaguzi waligundua kwamba kibano cha Toyota Celica kilisogea kidogo kilipofungwa, hewa ikapita pembeni. Kilipofunguliwa ili kikaguliwe, kilijirudisha mahali pake kana kwamba hakijatenda lolote. Hata viongozi wa mchezo walikiri kuwa kazi ile ilifanywa kwa ustadi wa hali ya juu. Kisha wakaifutia timu pointi za msimu na kuifungia miezi 12. Kisa hiki kinanifaa kwa sababu kinatenganisha mambo mawili tunayopenda kuyachanganya. Mtu anaweza kuwa fundi bora kabisa wa kitu ambacho hakikupaswa kutengenezwa.

Basi kipi kinafaa kwa mwenye fedha kidogo? Majibu bora hayana mvuto wa kuonyesha marafiki. Sponji inayozunguka intakula huchakaa na kukatika. Ikibadilishwa kwa sponji nzuri, upepo wa tundu la boneti hupita ndani ya kipozeo badala ya kukizunguka. Boksi la filta lililolegea likifungwa sawasawa, hewa ya moto na vumbi hukosa mwanya. Na kipo kipimo cha kuvuja ambacho kila fundi wa pancha anakielewa bila kufundishwa: kifuniko cha bomba la plastiki hutobolewa na kutiwa valvu ya tairi, hufungwa mdomoni mwa turbo, hewa ya kompresa huingizwa taratibu kwa presha ndogo, kisha maji ya sabuni hunyunyiziwa kwenye kila kiungo. Povu likitokea, hapo pana ufa. Mara nyingi tiba ni klipu moja kukazwa. Nguvu inayopatikana kwa njia hiyo haikuongezwa na mtu. Ilikuwa ya gari tangu mwanzo, ikawa inapotea barabarani.

Kurudisha kilichopotea kunatupa furaha ndogo kuliko kuongeza kipya. Hakuna anayefungua boneti kuwaonyesha wenzake klipu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, tunaimba tangu shuleni, lakini aliyejenga ukuta ndiye huonekana na kusifiwa, na aliyeziba ufa hana cha kuonyesha isipokuwa ukuta ambao haukuhitajika. Fadhila za matunzo zina upweke wake. Anayezifuata lazima aridhike na kujua mwenyewe.

Huo pia ndio ugumu wa kukiheshimu kitu tusichokielewa. Kile kisanduku cha nyuma ya madigadi kinadharauliwa kwa kuwa ni plastiki na hakina kazi ya kuonekana. Mhandisi aliyekiweka alikuwa na sababu, na sababu hiyo inaweza kuwa haikuhusu wewe: labda kelele kwa majirani. Unaweza kukiondoa, lakini baada ya kuijua. Mwingine huchukua paipu ya plastiki ya maji taka kutoka duka la vifaa vya ujenzi, akaishusha hadi chini ya bampa ili ivute hewa baridi. Kwa siku za jua amefanya vizuri. Siku ya mafuriko, paipu ileile itavuta maji, na maji hayagandamiziki. Mkono wa pistoni utapinda kwa pigo moja. Ikipita karibu na turbo, plastiki hiyo italainika kwa joto. Magari ya Safari Rally yalifungwa bomba la kuvutia hewa juu, kando ya kioo cha mbele, kwa sababu mafundi waliyatayarisha kwa ajili ya mito na vumbi walivyovijua. Walisoma barabara kwanza, wakakata baadaye.

Sidharau mikono ya jua kali. Nchi zetu zinaendeshwa nayo, na mengi yanayoitwa ya kienyeji yana akili kuliko ya kununua. Ninachokataa ni kulifanya jina la unafuu kuwa kibali cha kutofikiri. Filta ya kitambaa cha pamba iliyopakwa mafuta, ikifuliwa na kupakwa kwa kiasi, itadumu miaka. Ikilowekwa mafuta kupita kiasi, yatafika kwenye waya wa sensa na karani atapofuka. Vitu ni vilevile na bei ni ileile. Tofauti imo katika subira ya mkono.

Na gari la turbo lililotumika huwa halikai kwa mtu mmoja. Huuzwa, na anayelinunua hurithi kila tulichokikata na kila tulichokificha kwa gundi. Kwa hiyo vitunzwe vipuri vya awali, vikabidhiwe pamoja na ufunguo, na yasemwe wazi yaliyobadilishwa, hata kama maneno hayo yatashusha bei. Uaminifu tunaoudai kwa sensa tuwe nao sisi pia. Wanaosema kwamba ukweli ni anasa ya wenye uwezo wamekosea hesabu: tajiri akidanganywa na gari lake hununua injini nyingine, na asiye na kitu ndiye asiyeweza kabisa kugharamia uongo.