Kilima Ni Kidogo kwa Nani?



Julai iliyopita vijana wa kigango chetu huku Mwaya tulikwenda Mbeya kupanda Loleza, mlima ulio juu kabisa ya mji. Tulilala mjini, asubuhi tukasali Misa, tukaanza safari na baridi yetu. Wenyeji wakatuambia, "Huu wala siyo mlima, ni matembezi tu. Nusu siku mmeshamaliza."

Kwao ni kweli. Wanaishi kwenye mita kama 1,700 kutoka usawa wa bahari. Sisi tumekulia ufukweni mwa Ziwa Nyasa, mita kama 500 tu, kwenye joto la mpunga na kakao. Loleza unapita mita 2,600. Huko hewa ni nyepesi, na kifua cha mtu wa ziwani kinajua.

Mimi nacheza mpira, nikatangulia. Rafiki yangu mmoja akawa anabaki nyuma. Nikamgeukia na kucheka: "Kaka, twende bwana! Kilima kidogo hiki!" Nikaendelea kupanda. Kule juu nilipiga picha nyingi, mji wote uko chini yangu. Yeye hakufika.

Wakati wa kushuka nilimkuta amekaa kwenye jiwe. Nikakaa naye. Akanyamaza sana, halafu akasema, "Siyo mapafu tu. Tangu matokeo ya kidato cha nne yatoke, kila mtu ananiambia songa mbele, songa mbele. Hakuna aliyeniuliza kama napumua."

Ndugu zangu, nilikosa la kusema. Na mimi nilikuwa mmoja wao.

Someni Luka 9, kuanzia mstari wa 28. Petro alipouona utukufu wa Yesu mlimani alitaka wajenge vibanda, wabaki hukohuko. Yesu hakubaki. Kesho yake walishuka, na katikati ya umati baba mmoja akapaza sauti kwa ajili ya mwanawe wa pekee aliyekuwa anateseka. Yesu akasema mtoto aletwe, akamponya, akamrudisha kwa baba yake. Sala ya mlimani ilimpeleka kwa mtu aliyelemewa kule chini.

Mtakatifu Pier Giorgio Frassati, kijana wa Turin, Italia, alipenda sana kupanda milima na marafiki zake. Alipofariki mwaka 1925, akiwa na miaka 24 tu, maskini wa mji walijaa kwenye mazishi yake. Hata familia yake ilishangaa. Haikujua amewasaidia watu wengi kiasi hicho. Papa Leo XIV alimtangaza mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Aliweza kufika kileleni, lakini pia aliwajua walioshindwa kupanda.

Kijana mwenzangu, mtihani uliokuwa rahisi kwako, au kuungama kunakokujia kirahisi, kwa mwenzako huenda ni mlima mrefu. Usimpimie kwa kifua chako.

Wiki hii mtafute mmoja aliyebaki nyuma kwenye jumuiya, kwaya au darasa. Usimhubirie. Muulize anaendeleaje, halafu subiri jibu.

Tuombe: Ee Bwana Yesu, uliyeshuka mlimani kwa ajili ya mtoto mmoja, utufundishe kupunguza mwendo. Amina.