Pengo la Kogo
Hapa Eldoret daktari wa meno alinipa njia mbili: ang'oe jino langu la mbele kwa bei rahisi, ama atibu mzizi: atoe neva iliyooza, asafishe mfereji, auzibe. Nikachagua kutibu, kwa karo ya mdogo wangu. Akakaa nyumbani wiki mbili.

Kogo, nyanya yangu, aling'olewa meno mawili ya chini akiwa msichana, desturi ya Wakalenjin wengi enzi hizo. Pengo lake lilikuwa heshima. Langu lingesema tu: huyu hana kitu.

Sasa niliokoa jino ama sura? Jino lenyewe, bila neva, haliumi tena. Lakini nikiambiwa nichague upya, nadhani ningechagua vilevile. Hilo ndilo linaniuma.