Hodi ya Mwenye Hati

Sheria ya Mwenendo wa Jinai ya Kenya, Sura ya 75, inampa afisa wa polisi nguvu ya kuingia nyumba ya mtu kwa hati ya upekuzi, yaani amri ya mahakama ya kutafuta kitu fulani mahali fulani, na kifungu cha 120 kinamlazimu mwenye nyumba kufungua akishaonyeshwa hati hiyo. Akikaidi, mlango huvunjwa. Kwa Waislamu wa Malindi na Mambrui, ambao Sura ya An-Nur (24:27) inawakataza kuingia nyumba zisizo zao kabla ya kuomba idhini na kutoa salamu, linazuka swali iwapo hati inaondoa hodi yenyewe, au inamwondolea mwenyeji haki ya kukataa tu.

Kisa mashuhuri cha Khalifa Umar, aliyeparamia ukuta akamfumania mlevi kisha akakumbushwa kwamba yeye mwenyewe amekiuka makatazo matatu, hakitoshi hapa, kwani Umar hakuwa na idhini ya yeyote. Chenye uzito zaidi ni hadithi iliyopokewa na Bukhari, kwamba kuomba idhini kuliwekwa kwa sababu ya macho: dhara liko katika kuiona sitara, yaani yale ambayo watu wameyafunika. Wajenzi wa Gede walilizingatia hilo, maana katika magofu yake mgeni hupita uani, kisha chumba kirefu cha mbele, ndipo avifikie vyumba vya ndani. Hakimu aweza kuitikia hodi kwa niaba ya mwenyeji. Kumsitiri aliyelala hawezi.

Ajabu ni kwamba sheria iliyorithiwa kwa Waingereza, waliokuwa wameitunga kwanza kwa ajili ya Bara Hindi, iliikubali hoja hii nusunusu: kifungu cha 22 kinataka mwanamke ambaye kwa desturi haonekani hadharani apewe taarifa na nafasi ya kujitoa kabla chumba chake hakijavunjwa. Kwa nini yeye peke yake, ilhali Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inalinda faragha ya kila mtu, awe Mswahili au Mgiriama, Mwislamu au Mkristo?

Kifungu cha 119 nacho kinataka hati itekelezwe kati ya macheo na machweo, isipokuwa mahakama iruhusu saa nyingine. Aya ya 58 ya sura hiyohiyo ya An-Nur inataja nyakati tatu ambazo hata watoto wa nyumbani hubisha hodi: kabla ya sala ya alfajiri, adhuhuri watu wanapovua nguo, na baada ya isha. Sheria ya serikali inazikinga mbili, pengine bila kukusudia, na kuiacha wazi ile ya kati, saa ambazo joto la Malindi huwalaza watu. Hivyo afisa anayeingia saa saba mchana kwa hati halali, bila kuwapa waliomo muda wa kujifunika, ameikiuka aya katika kiini chake, ingawa kifungu cha 119 hakimlaumu.