Mtoto Hakukosa Chanjo Hata Moja

Mama mmoja wa Tanga, fundi cherehani, aliambiwa ana kisukari cha mimba ujauzito ukiwa wa miezi saba. Alishika masharti. Aliacha soda na chai ya sukari, akapunguza wali, na kila jioni akawa anatembea. Akajifungua salama mtoto wa kiume, na sukari ilipopimwa kabla ya kuruhusiwa ilikuwa imeshuka. Nesi akamwandikia kwenye kadi: arudi baada ya wiki sita, asubuhi, bila kula wala kunywa chochote isipokuwa maji tangu usiku, apimwe tena.

Mama mkwe alifurahi mno. "Mwanangu, ugonjwa si umetoka na kondo? Kunywa uji upate maziwa."

Hakusema kwa ubaya, na nusu ya maneno yake ilikuwa kweli. Kondo la nyuma ndilo hutoa homoni zinazoidhoofisha insulini ya mama; likishatoka, sukari ya wengi hurudi chini upesi. Lakini mimba ni mzigo ulioonyesha kwamba kongosho halina nguvu ya akiba. Mzigo umetuliwa, udhaifu umebaki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la BMJ, uliojumlisha taarifa za wanawake zaidi ya milioni moja, ulionyesha kwamba waliowahi kupata kisukari cha mimba wana hatari karibu mara 10 zaidi ya wenzao ya kupata kisukari cha aina ya pili baadaye.

Arobaini ikaisha. Wiki ya sita mama akampeleka mtoto kliniki. Mtoto alipimwa uzito, akachanjwa. Mama akaulizwa kama ananyonyesha. Hapa ndipo panaponiuma. Alikuwa amefika siku ileile aliyotakiwa, mahali palepale, na hakuna aliyesoma maandishi ya nesi wa wodini. Mwenyewe alishakunywa uji wake, hakuuliza. Akarudi wiki ya 10, akarudi wiki ya 14. Mtoto hakukosa chanjo hata moja.

Mwaka wa tatu akaanza kuamka usiku mara kwa mara kwenda haja ndogo, na kiu haikumwisha. Kutunga uzi kwenye sindano kukawa kazi. Akadhani macho yamechoshwa na cherehani. Kisha akashika mimba ya pili, akaanza kliniki mwezi wa tano. Sukari yake ilikuwa juu sana: si ya mimba tena, ni kisukari chenyewe. Moyo wa mtoto nao ulikuwa na kasoro. Aliishi siku nne.

Kasoro ya moyo inaweza kumpata mtoto wa mama yeyote, na hakuna daktari anayeweza kuapa kwamba huyu alikufa kwa sababu ya sukari. Ila viungo vya mtoto huumbika katika wiki nane za mwanzo, wakati wengine hata hawajajua kwamba ni wajawazito, na sukari iliyopanda katika wiki hizo huongeza hatari hiyo.

Kipimo alichokikosa si kigumu. Mama hupimwa damu kabla ya kula, hunywa glukosi gramu 75, hukaa saa mbili, hupimwa tena. Ikifika 7.0 mmol/L kabla ya kula, au 11.1 baada ya saa mbili, huenda ana kisukari, na daktari atathibitisha. Ikiwa imepanda bila kufika huko, mazoezi, kupunguza uzito na pengine dawa ya metformini huweza kuuzuia ugonjwa kwa miaka mingi. Ikiwa safi, apimwe tena kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu, maisha yake yote, na mapema kabisa akitaka kushika mimba nyingine.

Sasa anatumia dawa, na mama mkwe ndiye anayemkumbusha. Anatamani mtoto mwingine. Daktari amemwambia asiache uzazi wa mpango mpaka sukari itulie.