Sindano Tano Sikioni

Niliacha chuo nikiwa mwaka wa tatu, kwa hivyo nikisikia watu wakibishana kuhusu nani ana ruhusa ya kujiita mtaalamu, huwa siwezi kunyamaza. Ubishi huo ndio ulionipeleka kwa Mutulu Shakur. Wengi wetu tunamjua kama baba wa kambo wa Tupac, basi. Kumbe kazi aliyoisomea ni akupancha, ile tiba ya Kichina ya sindano.

Mwaka wa 1970 vijana wa Young Lords, pamoja na Black Panthers na wakaazi wa mtaa, waliingia Hospitali ya Lincoln, Bronx Kusini, wakadai huduma kwa watu walionaswa na heroini. Wakaipata. Dawa iliyokuwepo ilikuwa methadoni, na wao waliiona ni kubadilishiwa mnyororo tu. Baadaye wakasikia kuhusu H. L. Wen, daktari wa upasuaji wa ubongo kule Hong Kong, aliyeona wagonjwa waliozoea afyuni wakitulia baada ya kudungwa sindano. Wakaanza kujaribu, na baadhi yao walikuwa mateja juzi tu.

Sasa hapa ningependa kukuambia kwamba hawa wasee waliidharau karatasi wakafaulu. Hadithi hiyo ingenifaa sana mimi. Lakini Shakur alienda kusomea kwa walimu wa Montreal, Kanada, na mwaka wa 1976 akatoka na shahada ya udaktari wa akupancha. Mtu aliyepigana na serikali mchana na usiku bado aliona kwamba mwili wa mwenzako si mahali pa kubahatisha.

Mwaka wa 1978 jiji la New York likawatimua hospitalini. Ile mbinu ya sindano tano kwenye sikio ilibaki, na tangu 1985 shirika la NADA linaifundisha kwa saa 70 hivi. Ukitaka kuwa daktari wa tiba ya Kichina kule China kwenyewe, hesabu miaka mitano ya chuo. Je, mtu wa saa 70 ana haki ya kukugusa? Mimi nasema inategemea akikosea nani ataumia, na kiasi gani. Sikio ni ngozi na gegedu. Kifua ni kitu kingine kabisa.

Lakini kuna swali gumu zaidi, na hili cheti hakilijibu. Mwaka wa 2002 jarida la JAMA lilichapisha jaribio la watu 620 waliokuwa wamenaswa na kokeini. Sindano za sikio hazikuwashinda wale waliodungwa mahali pasipo na maana, wala wale walioonyeshwa tu video za kutuliza akili. Methadoni, ile waliyoichukia, ina ushahidi mwingi kwa watu wa heroini, na leo inatolewa hata hapa kwetu, Mathari na Malindi. Kwa hivyo unaweza kusoma kwa bidii, kwa moyo safi kabisa, kitu ambacho hakifanyi kazi vile ulivyoahidiwa. Kusema kweli hili linanitisha kuliko matapeli. Tapeli anajua anachofanya.

Na moyo safi wenyewe haupimwi na mtihani wowote. Mwaka wa 1988 Shakur alihukumiwa kwa makosa yaliyojumuisha wizi wa 1981 ambamo polisi wawili na mlinzi mmoja waliuawa. Alipewa miaka 60, akaachiliwa 2022, akafariki 2023. Wapo wanaomwita mganga, wapo wajane wasiotaka kusikia jina lake, na mimi sioni jinsi ya kumnyima mmoja wao haki ya kusema.

Jirani yangu anafikiria kulipia kozi ya akupancha ya wiki mbili, mwili mzima, cheti juu. Aliniuliza ninaonaje. Nikamwambia awaulize kwanza wanafundisha nini kuhusu mapafu, maana sindano ikizama sana kifuani inaweza kuyatoboa. Wamemjibu kwamba hilo liko kwenye kozi ya pili, na ada yake ni tofauti.