Damu Ina Bei?

Kuna maneno ambayo sisi vijana wa Kerenge, na nadhani wa Korogwe na Handeni nzima, tumeyasikia sana barazani: "Mtu akishaumizwa ashukuru anachopewa. Ukidai zaidi unauza damu." Wanaosema hivyo ni wazee wetu na tunawaheshimu. Lakini, ndugu msomaji, tulitafune neno hili kabla ya kulimeza. Nani hasa anayeipa damu bei: anayekataa fidia ndogo, au aliyeipanga?

Chukua mfano ambao kila Mtanzania anaujua nusu. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuka kwenye balozi za Marekani Dar es Salaam na Nairobi. Watu 224 wakafa, 11 kati yao hapa Dar. Mahakama za Marekani ziliona kuwa Sudan iliwasaidia al-Qaeda. Kesi ya madai ikavutana miaka mingi, hadi mwaka 2020 Sudan ilipokubali kutoa dola milioni 335 kwa mashambulizi hayo na mengine, mambo yaishe.

Sasa angalia mgawo. Kwa familia ya Mmarekani aliyeuawa zilitajwa dola milioni 10. Kwa familia ya mfanyakazi wa ubalozi asiye Mmarekani, dola 800,000. Bomu ni lile lile, asubuhi ile ile! Na mpita njia wa Nairobi ambaye hakuwa Mmarekani wala mwajiriwa wa ubalozi? Sheria iliyotumika haikumpa hata nafasi ya kudai.

Utasema, bwana wee, dola laki nane si haba, hapa Korogwe unajenga mtaa. Kweli kabisa. Lakini aliyefiwa hahesabu noti tu. Anasikia pia zile noti zinamwambia nini: kwamba mtu wako alikuwa mtu wa daraja hili, na yule wa daraja lile.

Wapo waliopinga. Ni wale waliokuwa raia wa kwetu na wa Kenya siku ya bomu, kisha wakapata uraia wa Marekani. Desemba 2020 Bunge la Marekani likatenga dola milioni 150 kwa ajili yao. Kumbe kupinga kunazaa! Ila tuone na upande wa pili: vidonda havikubadilika, kilichobadilika ni pasipoti.

Turudi nyumbani. Ibara ya 107A ya Katiba yetu inazitaka mahakama zitoe fidia ipasayo kwa walioathirika na makosa ya wengine. Maneno mazuri. Lakini katika kesi ya jinai mshitaki ni Jamhuri, na aliyekatwa panga ni shahidi tu. Analeta PF3 yake, anaeleza, anarudi kwake. Jambazi mwenye silaha anapata miaka 30 jela, na mkono uliokatwa hauoti. Asiporidhika na fidia, au asipopata kabisa, afungue madai mwenyewe kabla miaka 3 haijaisha. Amdai nani? Mtu aliye jela, ambaye hana hata kuku!

Wenzetu walilifikiria hili zamani. New Zealand ilitunga sheria mwaka 1963 na Uingereza ikafuata mwaka 1964: serikali yenyewe inamlipa aliyeumizwa, na Uingereza leo asiyeridhika ana baraza la kukatia rufaa. Jirani zetu Kenya waliweka mfuko wa waathirika katika sheria ya mwaka 2014.

Nakubali, nchi maskini haiwezi kulipia kila panga. Lakini umaskini unaeleza kwa nini fidia ni ndogo. Hauelezi kwa nini watu wawili walioumia sawa wapewe tofauti, wala kwa nini mwenye kidonda asiulizwe ameridhika au la. Kuuliza hakuli bajeti.

Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Basi ukimwona jirani anapanda basi kwenda Tanga, Mahakama Kuu, na bahasha ya hukumu kwapani, usimcheke wala usimwambie anauza damu. Damu ilikwisha kuthaminishwa bila yeye kuwepo. Yeye anachokataa ni bei ya kutupa.